Kunitachi: Ipi Ndiyo Stesheni Yenyewe?

SWALI

Assalaam alaykum. Kijana wangu wa mwisho amepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, pembezoni mwa jiji la Tokyo, na amepangishiwa chumba karibu na stesheni ya Kunitachi. Ametuonyesha picha ya nyumba ndogo ya mbao yenye paa jekundu, akasema ndiyo stesheni. Binamu yake akaleta picha nyingine, jengo la kisasa, treni zinapita juu kwa juu, naye asema ndiyo hiyo hiyo. Tumsadiki nani? Na mtoto huyu hata treni ya Mombasa hajaipanda, atajuaje pa kushukia?

Mama, Mkomani, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa malezi. Vijana wote wawili wamesema kweli. Nyumba ya paa jekundu ni stesheni ya zamani, na hiyo nyingine, iliyo nyuma yake, ndiyo inayopakia abiria leo.

Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1926. Tetemeko kubwa la 1923 lilikuwa limebomoa majengo ya chuo cha biashara katikati ya Tokyo, chuo ambacho leo ndicho Hitotsubashi. Kampuni ya ardhi ya Hakone Tochi ikanunua msitu huko magharibi, ikapima viwanja, ikajenga stesheni kwa gharama yake na kuikabidhi serikali, kisha chuo kikahamia. Yaani stesheni ilitangulia, mji ukafuata.

Miaka niliyokaa kule mume wangu akisoma, nyumba hiyo haikuwapo. Reli ilikuwa ikipandishwa juu ya nguzo, kwa sababu vizuizi vya mahali barabara inapokatiza reli vilikuwa vikifungwa muda mrefu mno, magari na watu wamekwama. Nyumba ikawa imesimama njiani mwa ujenzi. Mwaka 2006 mafundi waliifungua, mbao kwa mbao, vile mlango wa nakshi unavyofunguliwa Lamu kuhamishiwa nyumba nyingine, na manispaa ikaziweka ghalani. Bibi mmoja muuza maua, jirani yangu, kila nikinunua kwake alinionyesha kwa kidole mahali paa lilipokuwa, na jinsi upande mmoja ulivyoteremka chini kuliko wa pili. Alikuwa akiwapokea wanawe pale walipotoka kazini. Hakuwa na shaka kwamba itarudi, na kweli ikarudi: Aprili 2020 ilifunguliwa tena, karibu kabisa na mahali pake pa asili. Tiketi haziuzwi humo siku hizi. Watu hupumzika, hutazama maonyesho na kuuliza habari za mji.

Nalisema hili kwa moyo wote, kwa kuwa mji wetu wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na bado twaona kuta za matumbawe zikivunjwa na kuinuliwa za simiti. Watu wa Kunitachi hawakukubali kuambiwa kwamba maendeleo hayana nafasi ya nyumba ndogo. Hata jengo la ghorofa 14 lilipoinuliwa kwenye barabara yao kuu walikwenda mahakamani. Mwaka 2002 mahakama ya Tokyo iliamuru sehemu inayozidi mita 20 ibomolewe, lakini kwenye rufaa wakashindwa, na jengo lipo. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mkazi ana maslahi yanayolindwa na sheria katika mandhari ya mtaa wake. Ningependa mawakili wetu wa pwani waisome hukumu hiyo.

Barabara yenyewe ni Daigaku-dori. Kijana akitoka mlango wa kusini ataiona imenyooka mbele yake, pana sana, na chuo kiko humo humo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kuna miti ya micheri, ambayo huchanua mwanzoni mwa Aprili, muhula unapoanza, na miginko inayogeuka manjano Novemba. Upande wa kaskazini, karibu tu na stesheni, unaanza mji mwingine, Kokubunji, ilipo taasisi ya utafiti wa reli iliyohusika na kuzaliwa kwa Shinkansen, treni za kasi za Japani.

Sasa pa kushukia. Kutoka Shinjuku, stesheni kubwa ya Tokyo, apande laini ya Chuo, treni zenye ufito wa rangi ya chungwa. Atazame sana ubao: ile ya haraka ya kawaida husimama Kunitachi, ile ya haraka maalumu hupita moja kwa moja. Akiipanda kwa bahati mbaya, ashuke Kokubunji angojee ya kawaida. Kunitachi ni kituo cha pili kutoka hapo. Kadi ya nauli aiweke mfuko wa nje, maana mlangoni watu hawasimami kupekua mikoba.

Baiskeli atahitaji. Akishainunua aisajili, na asiiache ovyo mbele ya stesheni hata kwa dakika kumi. Manispaa huzichukua, na kuikomboa ni kwa pesa.