London kwa mfuko mwembamba: maswali na majibu

Mwezi uliopita niliandika kwamba London, kwa mpenzi wa sanaa asiye na hela, ni jiji karimu. Wengi hamkuniamini, na mmeniuliza maswali. Nimeishi huku miaka kumi na mmoja, mitatu ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa kuhesabu senti, kwa hiyo najibu kwa niliyoyapitia.

Nina siku nne London, na nikishalipa ndege na kitanda nitabakiwa na pauni 150. Marafiki wananiambia nitaishia kutazama majengo kwa nje. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli hata kidogo. Kinachokula hela London ni kitanda, nauli na chakula. Sanaa yenyewe, sehemu kubwa, ni bure. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yao ya kudumu, na mengine hayakuwa yakitoza hata kabla ya hapo. British Museum, National Gallery, Tate Modern, Tate Britain, V&A (Victoria and Albert Museum): unaingia tu. Mlangoni utakuta sanduku la mchango. Ukiwa nacho, tia. Usipokuwa nacho, pita, hakuna atakayekuuliza. Yanayolipiwa ni maonyesho ya muda, na tiketi yake mara nyingi inapita pauni 20. Hayo yaache. Picha za kukutoa machozi ziko kwenye kumbi za bure.

Nakuomba kitu kimoja: usikimbie. Wageni wengi huingia National Gallery wakitaka kuimaliza, wakatoka na miguu inayouma na hawakumbuki picha hata moja. Wewe chagua tatu. Ukifika kwenye alizeti za Van Gogh za mwaka 1888, subiri watu wa simu wapige picha zao waondoke, kisha sogea utazame kwa ubavu. Utaona katikati ya maua rangi imelundikwa nene, vidoa vimeinuka juu ya kitambaa kama mtama uliomwagwa mkekani. Hilo halionekani kwenye kalenda wala kwenye simu, na ndilo lililonifanya mimi nirudi wiki baada ya wiki.

Ijumaa ni siku yako. National Gallery hufungwa saa tatu usiku, V&A saa nne usiku, na watu wamepungua.

Kwa hesabu: mabasi pauni 21 kwa siku nne, chakula pauni 12 kwa siku ukijibana. Bado unabakiwa na zaidi ya pauni 80.

Hizo pauni 21 za mabasi zimetoka wapi? Nasikia nauli za huko zinatisha.

Zinazotisha ni za treni. Basi limekuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha kadi unaweza kubadilisha mabasi mengine bila kulipa tena. Ukizunguka siku nzima kwa basi, makato yanasimama pauni 5.25. Hawapokei pesa taslimu. Gusisha kadi ya benki, lakini kwanza iulize benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje. Usigusishe kadi leo na simu kesho ukadhani ni kitu kimoja, mashine inahesabu kama abiria wawili. Kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Basi namba 15 kutoka Trafalgar Square litakupitisha Fleet Street na kanisa la St Paul's hadi Tower of London, na wenzako wamelipia basi la watalii kuona hayo hayo.

Mimi ni Mwafrika. Nikiingia British Museum si kama nabariki wizi? (Msomaji, Nairobi)

Swali lako nimelibeba mwenyewe miaka yote hii. Shaba za Benin, ufalme wa zamani ulioko Nigeria ya leo, zilichukuliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897, lilipouteka mji. Zinadaiwa na wenyewe, na kwa maoni yangu zirudi. Lakini kutoingia kwako hakuzirudishi. Mimi naona Mwafrika ndiye anayestahili zaidi kusimama mbele yake, azijue kwa macho yake, ili anapodai ajue anadai nini. Na kwa kuwa ni bure, hujawapa hata senti.

Kumbi za Afrika ziko chini, chumba namba 25. Si kila kilichomo kiliporwa, na hilo nalo ni vizuri ulijue. Kuna kazi za Waafrika walio hai ambazo zilinunuliwa. Makumbusho haya yana vyungu vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, vilivyofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, shingo zimeinama kama mtu anayesikiliza. Yana pia kiti cha enzi alichokiunda Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mara ya kwanza niliona vyuma tu. Nilipochuchumaa nikatazama sehemu ya kuegemea, kule juu, vitako viwili vya bunduki vina matundu ya skrubu na upenyo chini yake, na ghafla vinakuwa nyuso mbili zinazotabasamu. Kester hakuzichonga nyuso hizo, alizikuta kwenye bunduki akazigeuzia kwetu. Nilikaa pale sakafuni mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko mzima.

Usiondoke bila kuulizia jiwe la Olduvai. Ni la kukatia, lina umri wa karibu miaka milioni mbili, limechongwa na viganja vilivyokuwa Tanzania kabla ya Tanzania. Wana pia vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa. Vitu huhamishwa kutoka ukumbi hadi ukumbi, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla ya kwenda.

Nile wapi bila kufilisika?

Usile karibu na makumbusho. Ingia duka kubwa lolote, chukua mkate wenye nyama au mayai, kinywaji na kitu cha kutafuna kwa bei moja ya ofa, pauni kama 4, ukale bustanini. Jioni maduka hayo hubandika karatasi za njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe, bei imeshuka. Beba chupa yako ya maji, bomba za kujaza zipo kwenye makumbusho mengi.

Siku moja panda basi uende Ealing Road, Wembley. Wahindi wengi wa pale, au wazazi wao, walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Soma ubao wa bei: mogo. Ni muhogo wetu, neno limesafiri nao mpaka likapoteza silabi. Unakaangwa, unapigwa pilipili na ndimu, unafungiwa kwenye boksi moto moto. Siku ya kwanza nilimwambia muuzaji, mzee mwenye mvi, "Shikamoo," bila kufikiri. Akajibu "Marahaba" palepale, kisha akaniongezea vipande.

Najifunza kuchora, niko Arusha, nitakuja kwa wiki moja. Naruhusiwa kuchora ndani ya makumbusho?

Unaruhusiwa, na hakuna matumizi bora ya wiki yako. Leta daftari dogo na penseli. Kalamu za wino na rangi za maji ziache nyumbani. V&A kuna ukumbi wa nakala za plasta za sanamu kubwa za Ulaya, na utakuta wanafunzi wamekaa chini wakichora. Kaa nao.

Kuna jambo ambalo hata wakazi wengi wa hapa hawalijui. Tate Britain wana chumba cha michoro ya karatasi. Unaandika kuomba miadi mapema, unataja unachotaka, nao wanakitoa ghalani wanakuwekea mezani, bila malipo. Mchoraji Mwingereza Turner alipofariki mwaka 1851 aliliachia taifa kazi zake, na maelfu ya michoro yake iko hapo. Nimekaa mbele ya karatasi moja ya rangi za maji, ndogo kuliko daftari la shule, nikaona alipokwangua karatasi ili mwanga utokee. Hakuna kioo kati yako nayo.

V&A nao wamefungua ghala lao mashariki mwa jiji mwaka 2025, V&A East Storehouse, na unaweza kuchagua hadi vitu vitano ukatengewa uvitazame kwa karibu. Weka nafasi kabla hujapanda ndege.

Nina watoto wawili, saba na tisa.

Walio chini ya miaka 11 hawalipi basi, wala treni ya chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima. Wapeleke Young V&A, makumbusho ya watoto, Bethnal Green, kisha siku nyingine Natural History Museum asubuhi na mapema, kabla ya mistari. Leake Street, chini ya stesheni ya Waterloo, watu hupaka rangi ukutani kwa ruhusa. Watoto wangu huniomba turudi kila mara kuona kilichofutwa na kilichochorwa juu yake.

Nitafikia kwa mama mdogo, Barking. Naogopa kuwa mzigo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la London ni bili. Uliza kuhusu umeme na maji ya moto kabla hujaoga dakika ishirini. Kama mama mdogo anafanya kazi za usiku, mchana ndio usiku wake, kwa hiyo toka asubuhi urudi jioni. Mletee korosho na kahawa. Na siku yake ya mapumziko mwalike mwende naye makumbusho. Nawajua watu waliokaa hapa miaka ishirini hawajaingia hata mara moja, kwa kudhani mahali penye nguzo kubwa vile lazima palipiwe.

Ukumbi wa michezo ya kuigiza nao?

Globe, jumba la tamthilia za Shakespeare kando ya mto Thames, huuza tiketi za kusimama uwanjani kuanzia pauni 5 msimu wa kiangazi. Hakuna paa juu yako na mwavuli hauruhusiwi, lakini wahi ushike mahali mbele, utaegemeza viwiko kwenye jukwaa lenyewe. Kwa muziki, kuanzia Julai hadi Septemba kuna Proms, tamasha la muziki wa klasiki, kwenye Royal Albert Hall. Nafasi za kusimama ni kama pauni 8. Na St Paul's, ambako mtalii hulipa zaidi ya pauni 20, ibada ya jioni yenye kwaya ni bure. Nenda kama mtu aliyekuja ibadani, simu mfukoni.

Kuna chochote chetu sisi Waswahili? (Msomaji, Mombasa)

Kipo. Tate wana kazi za Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Baadhi ya picha zake zimefuata kanga: pindo, mji, na maneno yake. Ulizia kama kuna iliyotundikwa siku hiyo.

Kisha, dakika chache kwa miguu kutoka British Museum, kuna SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, na maktaba yake imehifadhi miswada ya Kiswahili. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimkusanyia William Taylor, mmisionari, wazee walipokuwa bado wanayakumbuka kwa kichwa. Unaomba miadi, unaacha begi na kalamu nje, unaletewa karatasi. Herufi ni za Kiarabu, kwa hiyo macho yanatangulia kukwama. Soma kwa sauti ya chini, taratibu, na mstari wa pili au wa tatu utaanza kusikia Kimvita.