Wakili Aliyegeuka Askofu wa Mkunazini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilipozuru kanisa la Mkunazini, Unguja, mtembezaji wetu alisema kuwa askofu aliyelijenga ndiye pia aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Je, alichanganya watu wawili?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuchanganya. Huyo ni Edward Steere, aliyezaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hadi shahada ya udaktari na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850, kisha akaiacha kazi hiyo na kupewa daraja la ushemasi mwaka 1856. Alikuwa kasisi wa kijijini huko Lincolnshire wakati rafiki yake, William Tozer, alipoteuliwa kuwa askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862. Steere alifuatana na rafiki yake mwaka 1863, na mwaka uliofuata Tozer akaihamishia misheni Unguja.

Kuhusu lugha, Steere hakuanza kwa kutunga kanuni, bali aliketi na wenyeji, akawasikiliza wakisimulia na kuyaandika maneno yao kama yalivyotamkwa. Nadhani uwakili ulimfaa hapo, kwa kuwa wakili haliamini neno la shahidi mmoja mpaka alisikie na kwa mwingine. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi pamoja na mkusanyo wa hadithi, kikiwamo kisa cha Sultani Darai na yule paa, na mwaka 1879 Agano Jipya lilikuwa tayari kwa Kiswahili. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa ametangulia kuichunguza lugha hii akiwa Mombasa, lakini Steere aliegemea Kiunguja, na lahaja hiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hatuwezi kumpa yeye sifa yote ya uamuzi huo, maana biashara na misafara ilikwisha kukipeleka Kiunguja hadi maziwa makuu. Hata hivyo, waamuzi hao walivikuta vitabu vyake vikitumika.

Baada ya kukaa Uingereza kwa muda, Steere alirudi Unguja mwaka 1872, akawekwa wakfu kuwa askofu tarehe 24 Agosti 1874, baada ya Tozer kujiuzulu. Kanisa uliloliona lilikwisha kuanzwa: jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapo, na husimuliwa kwamba madhabahu imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, ingawa hakuwa mhandisi.

Watu wengi husahau safari zake za bara. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kuelekea upande wa Ziwa Nyasa, nao wakaishia kuanzisha makazi Masasi. Miaka mitatu baadaye alimpa John Swedi, aliyekuwa miongoni mwa wavulana wa kwanza waliokombolewa na kulelewa na misheni hiyo, daraja la ushemasi.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Ukirudi Mkunazini, mwombe mtembezaji akupeleke nyuma ya madhabahu, ndipo alipozikwa.