Nimpeleke mama Marsaxlokk?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi Munich, na mwezi wa tisa mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Aliuza samaki pale soko la Deep Sea miaka mingi mpaka magoti yakamshinda. Nataka tukapumzike siku nne Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi kule Malta. Wenzangu wanasema hapana kitu, ni soko la watalii la Jumapili tu. Wewe umewahi kufika?
Msomaji, Ujerumani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefika, na nakwambia mpeleke.

Wenzako walifika Jumapili wakaondoka Jumapili. Siku hiyo ukingo wa bandari hufurika meza za samaki, nguo na vikumbusho, na basi la kurudi Valletta, mji mkuu, hujaa pomoni. Mimi nami nilifika Jumapili adhuhuri, nikatamani kugeuza. Jumatatu asubuhi nilikuta wazee wamekaa chini na nyavu miguuni, wanashona, na paka wamewazunguka. Hicho ndicho kijiji atakachokitaka mama yako.

Mkalishe mbele ya mashua zao, ziitwazo luzzu. Zimepakwa buluu, manjano, nyekundu na kijani, na kwenye omo kila moja ina macho mawili. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na majahazi yetu nayo yana macho pale pale. Nilisimama nikayatazama mpaka machozi yakanilenga.

Mwezi wa tisa umechagua vizuri, kwani msimu wa lampuki huanza katikati ya Agosti. Huyo ni faulusi wetu. Wavuvi huweka maboya yenye makuti ya mtende yaelee baharini. Faulusi hupenda kivuli, hukusanyika chini yake, kisha huzungushiwa wavu. Mama atakuwa na mengi ya kuuliza. Na asikilize bei zikitajwa: Kimalta kina asili ya Kiarabu, kwa hiyo sita ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Mwagizie aljotta, supu ya samaki yenye kitunguu saumu, nyanya na mchele.

Kuhusu magoti: St Peter's Pool, pa kuogelea wanapopasifia sana, ni miamba mitupu, na kuteremka kwake kunachosha. Usimpeleke. Akitaka kukanyaga mchanga, nendeni Birżebbuġa, ghuba ya jirani, ingawa mbele yenu mtaona bandari ya makontena. Kama anaswali, msikiti uko Paola, njiani mkitoka Valletta. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, atakayojia Ujerumani inamtosha, maana Malta imo tangu 2007. Hakikisha tu siku zake hazijaisha.

Tafuta chumba cha ghorofa ya chini, chenye jiko. Na mkienda kununua samaki, mwache mama afunue mashavu mwenyewe kabla hujatoa pesa.