Mkongwe wa rock kuimba jazz za zamani
Eti mwanamuziki wa rock akigeukia jazz za zamani basi kaishiwa nyimbo? Mi sikubali hata kidogo, mwimbaji wa rock Linda Ronstadt alitoa What's New, albamu ya hizo nyimbo za zamani, 1983 akiwa bado yuko juu kabisa, akamchukua Nelson Riddle yule yule aliyekuwa anampangia muziki Frank Sinatra, gwiji wa nyimbo hizo, na albamu ikauza mamilioni. Rod Stewart sawa, hapo biashara naiona, albamu tano za nyimbo hizo toka 2002 mpaka 2010 jamani! Ila Bob Dylan kwa albamu yake Shadows in the Night iliyotoka 2015 aliingia studio za Capitol na bendi yake ya kila siku, okestra hamna, gitaa la stili ndo linabeba karibu kila kitu na ile sauti yake ya kukwaruza inazikaa hizo nyimbo za huzuni vizuri sana, we anza na hiyo.