Maswali ya Wasomaji: Klabu ya Elimu ya Nyota Shuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia na nimekabidhiwa ulezi wa klabu mpya ya elimu ya nyota yenye wanafunzi thelathini. Uongozi wa shule uko tayari kugharimia kituo cha kudumu cha kutazamia anga pamoja na darubini moja kubwa. Je, ninunue darubini ya aina gani, na jengo liweje, ili klabu isife baada ya mwaka mmoja?
Mwalimu mlezi

JIBU: Mwalimu, hongera kwa jukumu hilo. Nitaanza na neno lako la mwisho, kwa kuwa hofu uliyoieleza ina msingi. Wanafunzi thelathini wakipanga foleni nyuma ya darubini moja, kila mmoja akachungulia kwa nusu dakika na kuambiwa alichokiona, basi wakishaona mwezi na pete za Zohali hawatakuwa na sababu ya kurudi. Mwanafunzi hurudi pale anapokuwa na kazi aliyoianza mwenyewe na ambayo haijaisha. Kwa hiyo ningekushauri muhula wa kwanza upite bila ujenzi wala ununuzi mkubwa, ila kila mwanachama awe na daftari.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwa wanaoanza ni kuifuatilia nyota ya Algol katika kundi la Perseus, ambayo jina lake limetokana na Kiarabu, ra's al-ghul, yaani kichwa cha zimwi. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 nyota hii hufifia hadi kubakiwa na chini ya theluthi moja ya mwanga wake, kisha hurejea hali yake, na tukio zima huchukua takriban saa 10. Haihitaji darubini. Mwanafunzi huilinganisha na jirani zake: katika hali ya kawaida Algol hukaribiana na Almach kwa mng'ao, ilhali inapofika chini kabisa huzidiwa hata na Epsilon Persei. Anaandika saa, anaandika ni nyota ipi imeizidi ipi, basi. Mwaka 1783 kijana kiziwi wa miaka 18, John Goodricke wa York, Uingereza, alieleza kipindi cha Algol kwa njia hiyohiyo, akapendekeza kwamba huenda kuna gimba kubwa linaloizunguka na kuiziba. Mwaka 1889 uchambuzi wa mwanga wake ulithibitisha kuwa kweli ina mwenzake. Waeleze wanafunzi wako umri wa kijana huyo kabla ya kuwaeleza jambo jingine lolote. Wewe mwenyewe kokotoa mapema tarehe za kufifia, kwa sababu nyingi huangukia mchana.

Ama kuhusu darubini, usishawishiwe na maboksi yanayotangaza kukuza mara 500. Kinachoamua ni kipenyo cha kioo, kwa kuwa kioo ndicho kinachokusanya mwanga, na kanuni ya kawaida ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kioo cha milimita 150 kina ukomo wa mara 300, na siku nyingi mtetemo wa hewa hautawaruhusu hata kufika hapo. Mimi ningenunua darubini mbili za aina ya Dobson za milimita 150, zinazokaa juu ya kitako cha mbao na kusukumwa kwa mkono, kuliko moja kubwa yenye mota na kompyuta. Foleni hupungua, na mtoto aliyeitafuta Mshtarii mwenyewe, akaipoteza, akaipata tena, akachora vinukta vinne vya miezi yake na kesho yake akakuta vimehama, hahitaji kubembelezwa kuja mkutano unaofuata.

Jengo likifikiwa na wakati wake, chagua paa linaloteleza juu ya reli badala ya kuba. Kuba huonyesha ufa mmoja tu wa anga. Paa likiondolewa, kundi zima huiona anga yote, na joto lililokusanywa mchana hutoka haraka. Hilo la joto si dogo, maana hewa ya moto inayopanda mbele ya kioo huifanya sayari ionekane kama kokoto chini ya maji yanayotiririka. Mkija kufunga darubini ya kudumu, nguzo yake ichimbiwe msingi wake, isigusane na sakafu, la sivyo kila hatua ya mtoto itaitikisa picha. Taa ziwe nyekundu na hafifu, kwa kuwa jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi moja nyeupe hulirudisha mwanzo.

SWALI: Ndugu Mhariri, klabu yetu hukutana mchana. Je, tunaweza kulitazama Jua kwa darubini?
Mwanafunzi

JIBU: Mnaweza, mwanangu, lakini kwa kichujio maalumu cha Jua tu, kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini, kilichokazwa kisipeperushwe na upepo, na kinachokaguliwa kila mara kisiwe na tundu. Vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho vitupwe, kwani huweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapohapo, na miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua haifai kabisa kwa darubini. Darubini ndogo ya kulengea nayo ifunikwe. Mkishayakamilisha hayo mbele ya mwalimu, choreni mahali pa madoa ya Jua kila siku saa ileile. Doa likidumu, mtaliona likivuka uso wa Jua kwa takriban wiki mbili, na likichomoza tena kwenye ukingo wa kwanza mtakuwa mmepima wenyewe mzunguko wa Jua, ambao kutoka duniani huonekana kuwa wa siku 27 hivi.