Roli la R-13 au bodi ya milimita 50?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nyumba yangu ya Nzuguni nimeiezeka kwa bati la msauzi, na Oktoba ikifika mchana ndani hakukaliki. Duka moja wameniuzia wazo la roli la faibaglasi kutoka Marekani, limeandikwa R-13. Duka jingine wana bodi nyeupe ya povu ya milimita 50, imeandikwa 0.038 W/mK. Fundi anasema 13 ndiyo kubwa, nichukue roli. Ni kweli?
Mwalimu J., Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Namba hizo hazipimi kitu kimoja. Ile 0.038 ni tabia ya povu lenyewe, jinsi joto linavyopenya ndani yake, na ikiwa ndogo ndiyo nzuri. R ni ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia joto, wa kipande kizima pamoja na unene wake. Hiyo ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Tena R yako ni ya Marekani, wanakopima kwa futi, Fahrenheit na BTU (kipimo chao cha kiasi cha joto). Kuileta kwenye mita na wati, igawanye kwa 5.678.

Roli: 13 ÷ 5.678 = 2.29. Bodi: unene kwa mita gawanya kwa tabia yake, 0.05 ÷ 0.038 = 1.32. Kipande kwa kipande, fundi wako kasema kweli.

Sasa chukua futikamba, pima roli likishafunguliwa na kuumuka. R-13 ya kawaida ina inchi 3½, karibu milimita 89. Gawanya 0.089 kwa 2.29, unapata 0.039. Umeona? Faibaglasi na povu ni karibu sawa kabisa. Pesa yako inanunua unene. Bodi mbili zikilazwa moja juu ya nyingine zinafika 2.63 na kulipita roli. Basi bei ya roli kwa mita ya mraba ilinganishe na ya bodi mbili.

Hapa nakuomba usimamie kazi mwenyewe. Faibaglasi inazuia joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Fundi akiibana hadi milimita 50 ili ienee kwenye mbao, ukinzani unashuka hadi karibu na wa bodi moja, na ile 13 inabaki kwenye karatasi tu. Itandazwe juu ya dari, isikandamizwe na chochote. Povu nalo linashika moto: lisiachwe wazi, wala lisigusane na nyaya za umeme.

Bati lenyewe usilihesabu, chuma hakizuii joto. Jipsamu ya milimita 9 inaongeza kama 0.05 tu.

Wengine huniuliza mbona tembe la Wagogo ni baridi mchana, na juu ni udongo mtupu. Udongo wa sentimita 20 una ukinzani kama 0.25, mdogo sana. Kinachofanya kazi pale ni uzito: udongo unalimeza joto mchana kutwa na kulichelewesha hadi usiku, jambo ambalo R haipimi kabisa. Ni ujenzi wenye akili, nami naumia ninapouona unadharauliwa. Paa lako jepesi halina uzito huo, ndiyo maana kwako unene wa kihami joto ni wa lazima.

Ukikutana na lebo ya U badala ya R, jua ni 1 gawanya kwa ukinzani wa tabaka zote kwa pamoja. Hiyo ndogo ndiyo nzuri, na ikiwa ya Marekani unaizidisha kwa 5.678, huigawanyi.