"Cumbersome" si "zito": kwa wanaowaandikia wageni wa mlimani

Nyie mnaosomea kuongoza watalii hapa Moshi, au mnaojibu barua pepe za wageni ofisini, kuna kivumishi cha Kiingereza ambacho kila ninapowasahihishia kazi nakikuta kimekaa vibaya: cumbersome. Wengi wamekikariri kwa maana ya "zito", wakaishia hapo.

Chukua godoro la sponji, futi tano kwa sita. Uzito wake si wa kumtisha mtu. Lakini lipakie kwenye bodaboda kutoka Mbuyuni hadi Pasua uone: linapepea, linamziba dereva asione nyuma, linawakwangua wapita njia, na wewe uliyekaa nyuma hujui ulishike wapi. Hilo ndilo cumbersome. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni mzito, lakini fundi anautupia begani na kuondoka nao. Huo uite heavy, yatosha.

Mlimani tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Mzani, hata hivyo, hausemi lolote kuhusu umbo. Waulize wagumu, yaani wapagazi wenyewe: begi laini la mgeni lenye kilo 15, limefungwa vizuri, linakaa kichwani bila maneno. Meza ya kukunja ya hema la kulia inaweza kuwa nyepesi kuliko begi hilo na bado ikamtesa mtu, maana miguu yake inanasa kwenye matawi msituni, na ukifika ukuta wa Barranco, ambako mikono nayo inapanda, chochote kinachochomoza pembeni ni balaa. Kwa hiyo ukimwandikia mgeni asije na sanduku gumu la magurudumu, sentensi hii iko sawa kabisa: "Hard suitcases are cumbersome to carry on the mountain."

Lina ndugu zake. Bulky ni ukubwa tu, kitu kinachojaza nafasi. Unwieldy linatokana na wield, yaani kushika silaha au chombo na kukimudu. Basi ni kitu kinachokataa kutawaliwa, kama turubai la hema kwenye upepo, au hata kundi la watalii lililokuwa kubwa mno kwa kiongozi mmoja. Cumbersome lina asili ya Kifaransa cha kale, kwenye wazo la kuzuia njia. Ukoo huohuo umezaa encumbrance, neno ambalo waliowahi kununua kiwanja kwa mkataba wa Kiingereza wamelikuta: rehani au dai lililoing'ang'ania ardhi. (Tango, cucumber, halihusiki. Wanafunzi huniuliza.)

Halafu kuna matumizi yasiyo na mzigo wowote, na hapa ndipo ofisi nyingi hupotea. Mgeni akiandika "your booking process is cumbersome", hasemi kwamba ameshindwa kuelewa. Analalamika kwamba hatua ni nyingi: amejaza fomu, akatumiwa nyingine inayouliza yaleyale, kisha akaombwa nakala ya pasipoti aliyokwisha kuituma. Nimeona majibu ya upole sana yanayomweleza jinsi utaratibu ulivyo rahisi. Hayo yanamuudhi zaidi. Mwambie ni hatua gani utamwondolea.

Mtu usimwite hivyo, hata awe na mwili mkubwa kiasi gani. Ukilinganisha sema more cumbersome. Usilibandike -er mwishoni. Na kwenye kutamka, Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana nasikia "kam-BA-sam" na mgeni anabaki kukodoa macho. Kaza mwanzo, hizo mbili zinazofuata zipite haraka: KAM-ba-sam.